Nani Aliipiga Picha ya Dagaa

"Akiingia mtu hapa na picha mkononi, akasema ni yake, na mimi nikasema ni yangu, wewe utajuaje nani aliyeipiga?"

Mzee Idd aliniuliza hivyo siku yangu ya kwanza kazini, kabla sijaonyeshwa hata pa kuweka mkoba. Nilikuwa na shahada ya sheria yenye umri wa miezi minne, na nilikuwa mtu wa kubishia kila kitu, kuanzia bei ya nyanya hadi mahubiri ya Jumapili. Nikamwambia ningeangalia muhuri nyuma ya picha.

"Muhuri unachongwa pale stendi ya Nyegezi, binti. Unasubiri huku unakunywa chai."

Nikasema ningeangalia mkataba.

"Mkataba wa picha ya pasipoti?"

Nikasema ningewaita mashahidi. Akatazama huku na huku ndani ya chumba kile chenye kiti kimoja, pazia la bluu na taa mbili, kama mtu anayewatafuta mashahidi hao. Kisha akanipa ufagio. Swali lilibaki palepale, na mimi nikafagia kulizunguka.

Ninyi mnaobaki kaunta mmeniomba niwaandikie niliyoyaona kwenye kazi hii, sasa ninapostaafu. Neno kustaafu limewachekesha, najua, kwa sababu nina miaka thelathini na sita na bado nakimbilia kivuko. Lakini daktari wa macho ameniambia nichague: ama kioo cha kompyuta, ama kuwaona wajukuu nitakaowapata. Nilimbishia. Nilimwuliza ana uhakika gani nitapata wajukuu. Akanionyesha mstari wa tatu wa herufi ukutani, nikashindwa kuusoma, na hapo ndipo miaka yangu kumi na mitatu ya studio ilipoishia. Kwa hiyo naandika, herufi kubwa, kwa awamu.

Nilikuja studio hii ya Mkuyuni kwa miezi mitatu tu, nikisubiri ajira ya maana. Nyumbani nilisema "nasaidia ofisi moja". Mama hakuuliza ofisi gani, na mimi nilishukuru kwamba tabia yangu ya kuhoji sikuirithi kwake.

Kazi ya kwanza niliyokabidhiwa ilikuwa koti. Mnalijua, lile jeusi lililoning'inia nyuma ya mlango, ambalo nusu ya watumishi wa mkoa huu wamelivaa kwenye vitambulisho vyao. Halina mgongo. Mzee alilikata nyuma kwa mkasi ili limtoshe kila mtu, na mbele likabaki la heshima. Nilimwuliza kama huo si udanganyifu. Akasema kamera haijawahi kuuliza habari za mgongoni. Nilikaa na jibu hilo wiki nzima nikilitafutia kosa.

Kazi ya pili ilikuwa kushika kamera nje, na hapo alikuwa mkali. Picha zangu za kwanza za nje, ubatizo wa mtoto mmoja wa Pasiansi, zilirudi mezani zikiwa na kichwa changu mimi, cheusi, kimelala kwenye majani mbele ya familia ya watu.

"Jua likiwa mgongoni kwako, kivuli chako kinaingia kwenye picha kabla ya mteja," alisema. "Tazama chini kwanza, ndipo utazame mbele. Kivuli ni kosa la mwanafunzi."

"Kivuli si dhambi," alisema mkewe kutoka mezani kwake, bila kuinua kichwa.

"Nani kasema dhambi? Nimesema kosa."

"Basi mfundishe bila kumkaripia. Wewe mwenyewe ulianza na picha zisizo na vichwa."

Huyo alikuwa Mama Zuhura. Alikaa kwenye meza ya dirishani, miwani puani, penseli mkononi. Zamani, picha ikishasafishwa, yeye ndiye aliyeondoa makovu na chunusi kwa penseli iliyochongwa kama sindano, akafungua jicho lililofumba, akatuliza kola iliyokunjamana. Nilipofika, kompyuta ilikuwa imeshachukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini yeye aliendelea na picha za zamani zilizoletwa zikiwa zimeliwa na mende. Ujuzi wangu wote wa kusawazisha uso niliupata kwenye meza ile. Alinifundisha kwamba uso wa mtu mzima ukiufuta mikunjo yote, wanawe hawamtambui. Alinifundisha kuacha kidogo.

Mzee Idd naye alinifundisha mpangilio. Kila mkanda wa filamu ulikatwa vipande, ukatiwa kwenye bahasha ya khaki, ukaandikwa jina na tarehe. Aliandika tarehe kwenye kila kitu. Hata akikosea neno kwenye risiti, alilikata kwa rula, akaandika neno sahihi juu yake na tarehe pembeni, kana kwamba siku moja mkaguzi angefufuka kutoka pale sakafuni. Nilimcheka. Siku hizi mnaponiona naandika tarehe kwenye chupa ya maji, mjue nilikoitoa.

Sasa picha yenyewe. Mmekuta msumari mtupu ukutani, juu ya kaunta, na mmekuwa mkitundikia kalenda. Pale palikuwa na picha ya mwanamke wa Igombe akimwaga dagaa juu ya mwamba. Amelikung'uta karai kwa juu, dagaa wako hewani, mamia, kila mmoja amekamata kipande chake cha jua la asubuhi, na nyuma yao ziwa limetulia kama bati jipya. Mwanamke hatazami kamera. Anacheka na mtu ambaye haonekani. Nimetazama picha nyingi tangu hapo, na bado sijui nyingine inayonusa. Ile ilinusa dagaa.

Ilipigwa kabla sijaanza shule. Ilikuwa imewahi kupelekwa kwenye maonyesho ya wakulima ikiwa na kikaratasi chenye jina la Mzee Idd, na wakubwa wakampa mkono. Wateja wa zamani bado walimwita "mzee wa dagaa". Yeye aliitikia kwa kikohozi. Picha hiyo haikuwa na muhuri nyuma. Nilipomwuliza kwa nini, wakati hata pasipoti saizi za watoto wa chekechea zilipigwa muhuri, alisema wino ulikuwa umekwisha. Nikauliza wino uliisha kwa miaka ishirini? Akaniagiza nikanunue balbu.

Nilimwuliza pia Mama Zuhura kwa nini imekatwa chini, maana umbo lake lilikuwa fupi kuliko picha nyingine za kamera ile.

"Chini hakuna kitu," alisema. "Mchanga tu."

Kulikuwa na desturi moja studio ambayo ninyi hamkuikuta, kwa sababu negativi zenyewe, vile vipande vya filamu vya kwenye bahasha, hamkuzikuta. Mtu aliyepigwa picha hapo akifariki, Mzee Idd alitafuta bahasha yake, akatengeneza picha moja kubwa, akaipeleka msibani pamoja na negativi. Sio nakala, negativi yenyewe. Alisema sura ya marehemu haikai dukani. Ile ilikuwa rambirambi yake, kama wengine walivyobeba mchele na sukari. Na kilichotolewa msibani hakirudishwi wala hakiulizwi.

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini alipofariki yule mwanamke wa Igombe. Jina lake lilikuwa Nyanzala. Mzee alitoa bahasha kwenye droo ya chini kabisa, akaifunga kwa gundi, akaniambia niipeleke pamoja na picha kubwa.

Nilikataa kwanza. Nilimweleza, kwa sauti ya mtu aliyelipiwa ada, kwamba hakimiliki ya picha inaanza pale picha inapozaliwa, haihitaji kusajiliwa, lakini siku ya ugomvi lazima uthibitishe, na uthibitisho wake wote kwenye picha hiyo ulikuwa ndani ya bahasha ile. Picha ikichapishwa inaweza kunakiliwa na yeyote. Negativi ni moja tu.

"Unatoa ushahidi wako, mzee."

"Natoa rambirambi."

"Angalau tuipige nakala kwanza."

"Nyanzala amefariki, mwanasheria. Watu wanasubiri."

Aliniita mwanasheria kila nilipomchosha. Nilikwenda Igombe nimenuna. Nilikuta wanawake wamekaa kwenye mikeka, wakanisalimia Kisukuma, nikaitikia, nikamkabidhi bahasha binti wa marehemu kwa mikono miwili. Aliipokea, akaishika kifuani, akaniombea baraka. Sikuifungua njiani. Mimi, niliyehoji mahubiri na bei ya nyanya, nilibeba bahasha ile saa nzima na sikuhoji kilichomo.

Kabla sijafika kwenye kesi ya dagaa, acha niseme ya Salome, kwa sababu ndiyo iliyonipunguza kiburi. Salome alikuwa bibi harusi wa Pasiansi. Nilimpiga picha nzuri, nikaiweka kwenye ukurasa wa studio. Miezi miwili baadaye aliingia mlangoni akihema.

"Dada Kabula, mimi nimeolewa au nimeajiriwa?"

"Umeolewa, nilikuwepo."

"Basi mbona niko kwenye bango la saluni? Kila anayepita anamwuliza mume wangu nasuka bei gani!"

Tukaenda wote. Kweli alikuwepo, amenyooshwa upana mpaka mashavu yakafika kwenye namba ya simu. Mwenye saluni hakuona kosa.

"Picha nimeitoa kwenye simu. Vya kwenye simu ni vya watu wote."

"Na hiyo simu yako nayo ni ya watu wote?" nikamwuliza, nikanyoosha mkono.

Akaitumbukiza kifuani haraka. Wasusi wakacheka, na mwenye saluni akaanza kulegea. Nikamweleza kwamba picha ni kazi yangu na hakuniomba. Ndipo Salome akanigeukia mimi.

"Na wewe, ulipoiweka huko kwenye simu, uliniomba?"

Sikuwa nimemwomba. Nilikuwa nimetetea haki ya mkono wangu na kusahau kabisa habari za uso wake. Tangu siku hiyo hakuna harusi niliyopiga bila karatasi ya mistari minne: picha ni kazi ya nani, nyie mtazitumia wapi, sisi tutaziweka wapi, na nani aulizwe kwanza. Karatasi hiyo iko kwenye faili la kijani. Msiifanye ya mistari kumi. Hakuna bibi harusi anayesoma mistari kumi. Mwenye saluni alipaka rangi ule uso, akaacha nywele. Sijui kisheria tulishinda kiasi gani.

Mwaka wangu wa tano, Mama Zuhura alirudi kutoka sokoni na pakiti ya dagaa waliokaushwa. Aliiweka kaunta, uso juu, akaenda kukaa mezani kwake. Nyanzala alikuwa kwenye pakiti. Karai lilelile, dagaa walewale hewani, ziwa limegeuzwa bluu ya sabuni ya unga. Chini kabisa waliandika kwa herufi ndogo kwamba picha hiyo ni mali ya kampuni, na hairuhusiwi kuinakili.

Nilicheka kwanza, kwa hasira. Kisha nikaandika barua. Ofisi ya kampuni hiyo ilikuwa mjini hapahapa, na kijana aliyenipokea alikuwa na adabu sana, jambo lililoniudhi zaidi. Alisema mbunifu wao aliitoa kwenye picha za zamani za maonyesho, haikuwa na jina, haikuwa na muhuri, kwa hiyo waliihesabu haina mwenyewe.

"Ina mwenyewe. Ana miaka zaidi ya sitini na anakunywa chai Mkuyuni muda huu."

"Sawa, dada. Basi tuletee negativi. Kama hakuna, tuletee kiapo cha aliyeipiga. Tutaandika jina lake kwenye kila pakiti na tutamwomba ruhusa rasmi. Ila bila hivyo, ile picha iliyo kwenye ukurasa wenu mtatakiwa muiondoe. Wateja wanachanganyikiwa."

Yaani tuliibiwa, na sisi ndio tulioambiwa tuache kuiga. Nilirudi studio nikiwa na furaha ya ajabu, naikiri. Kwa mara ya kwanza shahada yangu ilikuwa na kazi.

Negativi nilijua iko Igombe. Nilimwambia mzee nikaiombe kwa siku moja tu. Alinitazama kama niliyemwambia tukafukue kaburi.

"Kitu cha msibani?"

"Siku moja, mzee. Nitairudisha."

"Hapana."

Basi kikabaki kiapo. Nilikiandika mwenyewe kwenye kompyuta ya studio, karatasi moja safi: Mimi, Idd Salum, naapa na kuthibitisha kwamba picha iliyotajwa hapo juu niliipiga mimi mwenyewe. Rafiki yangu niliyesoma naye alikuwa wakili, angekishuhudia bure. Mzee alivaa miwani akakisoma mara mbili. Mama Zuhura alikuwa dirishani na penseli yake.

"Hapa pameandikwa 'mimi mwenyewe'," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Huwezi kuandika 'studio'?"

"Studio haina mikono, mzee. Lazima awe mtu."

Alitikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa, kama mtu anayekubaliana na jambo lisilompendeza. Akaikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa shati.

Nilimpa muda. Siku ya tatu nikamwuliza. Akasema bado. Siku ya tano nikamwuliza tena, mbele ya mkewe.

"Sina la kuapa," alisema.

"Huna la kuapa? Picha yako ukutani, jina lako maonyesho, watu wanakuita mzee wa dagaa, halafu huna la kuapa?"

"Kabula, achana na hilo."

"Niachane nalo? Watu wamekuibia, nimekupigania, nimeandika barua tatu, na wewe kazi yako ni kusaini tu! Unawaogopa? Kwa sababu wana jengo la vioo?"

"Mwanangu," Mama Zuhura alisema.

"Hapana, mama, niacheni niseme. Mzee, wewe ni mwoga."

Penseli ilidondoka kutoka mezani ikaviringika hadi miguuni kwangu. Hakuna aliyeiokota. Kwa adabu za kwetu, neno hilo halisemwi kwa mtu anayelingana na babako, na nilijua hivyo nilipokuwa nalisema. Mzee Idd hakukasirika, na hilo ndilo lililonisumbua miaka iliyofuata. Alisema tu, "Marahaba," kana kwamba nimemwamkia, akatoka nje kwenda kuswali adhuhuri.

Kesho yake niliiondoa picha kwenye ukurasa wetu. Ile ya ukutani aliiondoa Mama Zuhura mwenyewe. Alipanda kwenye kiti cha wateja, akaitoa msumarini, akaifuta vumbi kwa upande wa khanga yake, kioo chote, taratibu, pembe kwa pembe. Nilimwambia hawawezi kutulazimisha tuondoe ya ukutani, hapo sheria iko upande wetu.

"Najua," alisema. "Naipeleka nyumbani tu."

Nilifikiri ananisaidia kuficha aibu ya mumewe. Nilimwonea huruma. Huruma yangu siku hizo ilikuwa ya kuelekezwa ovyo namna hiyo.

Kazi iliendelea. Niliomba radhi, mzee akapokea, tukafanya kazi pamoja miaka mingine minne, na kama kuna kitu nimekijua kwenye taa na vivuli alinifundisha miaka hiyo, si ile ya mwanzo. Alinikabidhi funguo, kisha kiti chake, kisha akawa anakuja Jumamosi tu kunywa chai na kunikosoa. Alipofariki, nilitafuta bahasha yake mwenyewe kwenye makabati, kufuata desturi. Hakuwa nayo. Miaka arobaini ya kupiga watu, hakuna aliyewahi kumkalisha kwenye kile kiti. Tulikwenda msibani na mchele.

Kuanzia hapo ninyi mnajua. Mlikuja mmoja mmoja, mkiwa na simu zinazopiga picha nzuri kuliko kamera zangu mbili za kwanza. Nimewachosha kwa mambo yaleyale: hifadhi faili la asili kama lilivyotoka kwenye kamera, usimpe mteja, tuma nakala ndogo kwanza, weka jina katikati ya picha, si pembeni, kwa sababu pembeni hukatwa. Mmoja wenu aliniuliza kwa nini nina wazimu hivyo na pembe za picha. Nilimjibu kwa ukali, na sikuwa na sababu nzuri ya kumpa. Sasa ninayo.

Mwezi uliopita, wiki yangu ya mwisho kaunta, aliingia msichana mmoja amebeba bahasha ya khaki ndani ya kitambaa. Aliamkia, akasema anaitwa Minza, katoka Igombe, mjukuu wa Nyanzala. Familia ilikuwa inaandaa ibada ya kumkumbuka bibi, na walitaka picha kubwa mpya. Ile ya msibani iliharibiwa na mvua.

"Mama kasema tusiwaombe kitu," alisema. "Tumekuja nacho wenyewe. Mkimaliza tutarudi nacho."

Mwandiko juu ya bahasha ulikuwa wa Mzee Idd. Gundi ilikuwa imekauka na kuachia. Nilimwomba akae. Nikaivuta negativi kwa vidole viwili, nikaiinua dirishani, pale palipokuwa na meza ya Mama Zuhura. Macho yangu hayakuona kitu zaidi ya weusi na weupe uliogeuzwa. Nikaitia kwenye mashine ya kuskani, nikasogeza uso karibu na kioo kama daktari alivyonikataza.

Picha ilikuja nzima, ndefu kuliko nilivyowahi kuiona. Karai, dagaa, kicheko. Na chini, pale palipokatwa, kwenye mchanga ambao kweli ulikuwepo, kulikuwa na kivuli cha aliyeipiga. Jua lilikuwa mgongoni kwake. Viwiko vimeinuliwa kushika kamera. Khanga imefungwa kifuani. Na mgongoni, juu ya bega la kushoto, kichwa kidogo cha mtoto mchanga.

Minza alisogea akatazama juu ya bega langu.

"Huyo nani?" akauliza.

Nilimtengenezea picha ya bibi yake yenye kivuli chote, akaondoka na negativi yake. Jioni hiyo nilikwenda kwa Mama Zuhura nikiwa na nakala na kiapo kipya nilichokiandika kwa haraka. Siku hizi macho yake ni mabovu kuliko yangu, lakini nilipomwekea picha mapajani hakuhitaji miwani.

"Zuhura alikuwa na miezi saba," alisema. "Mzee alikuwa hoi kwa malaria, na wale wa halmashauri walitaka picha za dagaa siku hiyohiyo. Nikabeba kamera, nikambeba na mtoto. Nyanzala alikuwa ananicheka mimi, ninavyohangaika na vyote viwili." Akapapasa pembe ya chini. "Nilisahau kutazama chini."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Sio siku ya maonyesho; siku ile ya kiapo.

"Niseme nini? Watu walikuwa wameshampa mkono miaka yote hiyo. Wamcheke akiwa mzee?" Akanitazama. "Alinibembeleza, Kabula. Wiki nzima. Mimi ndiye niliyekataa."

Nikatoa kiapo kipya na kalamu. Akakiangalia, akakirudisha.

"Sihitaji kipya."

Akaenda chumbani, akarudi na ile picha ya ukutani kwenye fremu yake. Akaigeuza, akavuta kadibodi ya nyuma, na nyuma ya kadibodi kulikuwa na karatasi niliyoiandika mwenyewe miaka minane iliyopita, bado ina mkunjo wa mfuko wa shati. Aliiweka mezani, akaomba nimwonyeshe mstari ulipo, akasaini taratibu, jina lake zima, Mwajuma Rajabu. Imo kwenye faili la kijani, mbele kabisa, pamoja na nakala ya picha. Barua ya kwenda kwa kampuni nimeshaiandika. Ninyi mtaipeleka, na msikubali kuondoka bila jibu la maandishi.

Lakini isomeni vizuri kabla hamjaipeleka, kama nilivyoisoma mimi siku hiyo. Jina la Idd Salum limekatwa kwa rula. Juu yake, kwa mwandiko wake, ameandika Mwajuma Rajabu, na pembeni ameweka tarehe, kama alivyofanya kwa kila kosa alilolisahihisha. Ni siku moja kabla ya ile niliyomwita mwoga.